Hesabu ya Maneno na Mpaka wa Miritini: Takwimu Katika Historia ya Uchunguzi wa Lugha za Pwani

1. UTANGULIZI

Katika kamusi za kale za Kiswahili neno takwimu lilikuwa na maana ya kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo neno hubeba pia maana ya kukinyosha kitu kikae sawa na ya kukadiria thamani yake. Serikali na shule zilipohitaji jina la elimu ya kukusanya idadi na kuzipima, neno hilo hilo lilipewa kazi mpya, na leo ni wachache wanaoikumbuka kazi yake ya kwanza. Hata hivyo maana ile ya kale ina funzo. Kalenda haiumbi siku. Huzipanga tu, na mpangaji ndiye aamuaye mwaka uanze wapi na mwezi uishie wapi. Hali kadhalika takwimu haziumbi lugha. Huzipanga lugha katika safu na mafungu, na aliyeyaweka mafungu hayo huwa amekwisha kujibu sehemu ya swali kabla hajahesabu neno hata moja.

Makala haya yanafuatilia historia ya kuhesabu maneno kama njia ya kuchunguza lugha za pwani ya Kenya, tangu orodha za wamisionari za katikati ya karne ya 19 hadi matumizi ya kompyuta. Ili majadiliano yasielee hewani, mahali pamoja patatumiwa kuwa kipimo, napo ni Miritini, katika bara ya Mombasa upande wa magharibi. Hoja kuu ni kwamba kila idadi iliyotolewa kuhusu lugha za mahali hapo ilikuwa jibu la swali fulani, na swali lilipobadilika idadi nayo ilibadilika, ijapokuwa wasemaji walikuwa ni wale wale. Ikiwa ni hivyo, basi mwanafunzi wa shahada za juu katika idara ya lugha anahitaji takwimu kwa sababu iliyo tofauti na ile inayotajwa mara nyingi. Anazihitaji ili aweze kumhoji mwenye kuhesabu, akiwamo yeye mwenyewe.

Miritini iko katika njia itokayo kisiwa cha Mombasa kwenda Mazeras na Rabai, jirani na Jomvu. Watu wa Jomvu ni moja ya Miji Tisa katika Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa. Upande wa bara wako Warabai na Waduruma, ambao ni Wamijikenda. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya mtaalamu yeyote kuchora ramani, hapa palikuwa mahali ambapo Kiswahili na Kimijikenda vilikutana kila siku, katika biashara, katika ndoa na katika mashamba. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo, na mwaka 2017 stesheni ya Mombasa ya reli mpya ilifunguliwa hapo hapo. Baina ya reli hizo mbili walihamia watu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani. Ni vigumu kupata mahali panapomtahini mwenye kuhesabu lugha kuliko hapa.

2. ORODHA YA KRAPF

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha kituo cha misheni huko Rabai. Safari baina ya kisiwa na Rabai ilifanywa kwa mashua katika mkono wa bahari, kisha kwa miguu kupanda vilima. Hivyo nchi ya Jomvu na majirani zake ilikuwa katika mapito yao. Mwaka 1850 vilichapishwa katika mji wa Tübingen, nchi ya Wajerumani, vitabu viwili vya Krapf. Kimoja kilikuwa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Cha pili kilikuwa msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika (ndivyo Kimijikenda kilivyoitwa siku zile), Kikamba, Kipokomo, Kiyao, na Kioromo, ambacho yeye alikiita Kigalla.

Kitabu hicho cha pili hakisifiwi sana kama ile kamusi yake kubwa ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini kwa mtazamo wa historia ya takwimu ndicho chenye uzito zaidi. Maneno yamepangwa ili maana moja ilinganishwe katika lugha zote sita, na huo ndio mpango wa jedwali ambao mwanafunzi wa leo hufundishwa katika somo la kwanza la uchanganuzi wa data. Krapf hakukokotoa asilimia yoyote. Hata hivyo mpango wenyewe ulitosha kumwonyesha msomaji jambo ambalo maelezo marefu yasingeonyesha kwa urahisi: lugha tano kati ya zile sita ni za ukoo mmoja, na Kioromo kimesimama kando.

Kasoro za orodha hiyo nazo ni za kufundishia. Kwanza, Kinyika kimepewa nafasi moja tu, kana kwamba Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma husema kwa namna moja. Pili, msomaji haelezwi kila neno lilitoka kinywani mwa nani, wala msemaji huyo alikuwa mzaliwa wa wapi. Katika nchi ambayo mtu wa Rabai aweza kumjibu mgeni kwa Kiswahili kwa ajili ya adabu, jambo hilo si dogo. Mwanatakwimu angesema kwamba kizio cha kuhesabia hakikufafanuliwa na chanzo cha data hakikuandikwa. Wahenga wangesema kwa ufupi kwamba mgeni huona yale aliyoonyeshwa.

3. HERUFI ZILIZOCHORA MPAKA

Wilhelm Bleek alilieneza jina la Kibantu katika karne ya 19, na Carl Meinhof aliweka misingi ya kulinganisha sauti za lugha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1899. Lakini aliyezipanga katika mafungu ambayo wataalamu wanayatumia hata leo ni Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London. Katika uainishaji wake wa mwaka 1948 aliigawanya nchi yote ya Kibantu katika kanda, kila kanda ikiwa na herufi yake, na kila lugha ikapewa namba.

Katika mpango huo Kiswahili kiliangukia kanda G, katika kundi la G40, na Kimvita kikawa G42b. Kinyika kiliwekwa kanda E, kikapewa namba E72, Kidigo kikawa E73, na jirani yao Kipokomo kikawa E71. Maana yake ni kwamba mpaka wa kanda mbili ulipita baina ya Jomvu na Rabai, karibu na Miritini. Wakulima waliobadilishana mbegu na methali kwa vizazi wakajikuta, katika vitabu vya London, wamekaa katika nyumba mbili tofauti. Kanda za Guthrie zilikuwa kwanza chombo cha kurejelea, mfano wa rafu za maktaba. Hata hivyo wasomaji wengi walizisoma kama koo, na aliyeona G na E katika ramani alidhani kwamba ameona historia.

Katika kazi yake kubwa iliyotoka katika juzuu nne kati ya 1967 na 1971, Guthrie aliongeza hesabu ya namna nyingine. Alikusanya mizizi zaidi ya 2,000, kisha akachagua lugha 28 na kutafuta kila moja imehifadhi sehemu gani ya mizizi ile iliyoenea kote. Kibemba kilitokea juu, kwa zaidi ya nusu. Kwa kuwa lugha zilizohifadhi mengi zilikuwa jirani na Katanga, Guthrie aliona kwamba kitovu cha Kibantu kilikuwa huko. Mwaka 1966 mwanahistoria Roland Oliver aliijenga nadharia yake ya kuenea kwa Wabantu kwa kutegemea kwa sehemu matokeo hayo. Joseph Greenberg, kwa njia nyingine, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba asili ya lugha hizo ni mpakani mwa Nigeria na Kameruni, na rai hiyo ndiyo iliyokubaliwa na wataalamu walio wengi.

Tofauti yao haikuwa katika kuhesabu vizuri au vibaya. Ilikuwa katika kuuliza hesabu inathibitisha nini. Lugha yaweza kuhifadhi mizizi mingi ingawa haikukaa kwenye kitovu. Tena lugha yenye kamusi kubwa huonekana imehifadhi mengi kuliko lugha ambayo msamiati wake ulikusanywa kwa wiki mbili. Kitu kilichopimwa chaweza kuwa bidii ya mwandishi wa kamusi, wala si umri wa lugha. Huo ni upendeleo wa sampuli kwa mfano ulio wazi kabisa, nao ulikwenda mbali kabla ya kutambuliwa.

4. ASILIMIA NA MIAKA

Wakati Guthrie akipanga kanda zake, huko Marekani Morris Swadesh alikuwa akitafuta njia ya kupata miaka kutokana na maneno. Katika makala yake ya mwaka 1952, na tena mwaka 1955, alidai kwamba kila lugha ina msamiati wa msingi, kama vile majina ya viungo vya mwili, maji, moto, jua na vitendo vya kila siku, ambao hupotea kidogo kidogo kwa kiwango kisichobadilika. Katika orodha yake fupi ya maneno 100, kiwango cha uhifadhi kilikadiriwa kuwa asilimia 86 kwa kila miaka 1,000. Ili kupata muda tangu lugha mbili zilipoachana, logi ya sehemu ya maneno wanayoshiriki hugawanywa kwa mara mbili ya logi ya kiwango hicho.

Njia hii iliwavutia wengi katika Afrika Mashariki, kwa kuwa maandishi ya kale ni machache. Ni vyema basi kuikokotoa hadharani. Na ichukuliwe kwamba lugha mbili jirani zinashiriki maneno 70 kati ya 100. Idadi hii imebuniwa kwa ajili ya mfano tu. Hesabu inatoa miaka 1,180 hivi. Jibu hilo linapendeza, kwa kuwa linafikia karne ya 9 na kupatana na wakati ambao miji ya pwani ilikuwa ikianza kukua. Lakini maneno 100 ni sampuli ndogo. Kama yangekuwa yameokotwa kwa bahati nasibu, kanuni ya kawaida ya kosa la sampuli ingesema kwamba ile asilimia 70 yaweza kuwa popote baina ya 61 na 79. Zikiingizwa asilimia hizo katika kanuni ya Swadesh, muda unakuwa popote baina ya miaka 780 na miaka 1,640. Msomaji aliyedhani kwamba ameonyeshwa karne moja kumbe ameonyeshwa karne nane na zaidi, tangu kabla ya kuja kwa Uislamu hadi siku za ustawi wa Kilwa.

Yamkini mtu akasema kwamba dawa ni kuongeza maneno. Ni kweli, lakini kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: ili kulipunguza kwa nusu, maneno hayana budi kuwa mara nne, yaani 400. Derek Nurse na Gérard Philippson, katika uchunguzi wao wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 1980 katika kitabu kikubwa kuhusu lugha za Tanzania, walitumia orodha ndefu zaidi ya ile ya Swadesh, na jedwali lao la asilimia limekuwa marejeo ya wengi. Ama juu ya kiwango kisichobadilika, Knut Bergsland na Hans Vogt walionyesha mwaka 1962 kwamba msamiati wa msingi wa Kiaislandi umebadilika kwa kiasi kidogo mno kuliko kanuni inavyodai. Tangu hapo wataalamu wengi wameacha kuhesabu miaka kwa njia hiyo, ila wanaendelea kuhesabu ufanano, ambalo ni jambo jingine.

Kuna swali lililotangulia hayo yote: ni maneno gani yanayohesabiwa? Na zitazamwe namba za kuhesabia zenyewe. Kigiriama husema mwenga, mbiri, tahu, ne, tsano, tandahu, fungahe, nane, chenda, kumi. Kiswahili kina moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ambazo ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu. Kenda ya kale imebaki kwa wazee na washairi. Orodha fupi ya Swadesh inazo moja na mbili tu, na ile ndefu inafikia tano. Basi mtu atumiaye orodha hizo hatakutana na sita, wala saba, wala tisa, na katika namba ataona Kiswahili cha Kibantu kitupu. Mtu atakayehesabu kurasa za kamusi ataona maelfu ya maneno ya asili ya Kiarabu. Na mtu atakayehesabu maneno katika mazungumzo ya sokoni, ambamo na, ya, wa na ni hurudi kila mara, atapata jibu la tatu. Wote watatu wamehesabu kwa uaminifu.

Jambo hili halikuwa la darasani peke yake. Kwa miaka mingi walikuwako watu walioshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko, nusu yake ya Kiarabu, na wengine wakatoa hoja hiyo kupinga kukipa nafasi ya lugha ya taifa. Waliopinga dai hilo walitaja sarufi: ngeli, viambishi na upatanisho, ambavyo ni vya Kibantu. Idadi ya maneno ya kukopwa ilikuwa sahihi. Hitimisho ndilo lililokosewa, kwa sababu ukoo wa lugha hauamuliwi kwa kuhesabu kamusi.

5. USHAHIDI WA SAUTI

Mpaka wa herufi uliopita karibu na Miritini uliondolewa na njia iliyochanganya kuhesabu na kupima uzito wa ushahidi. Mwaka 1973 Thomas Hinnebusch aliandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuhusu viambishi, mabadiliko ya sauti na makundi ya lugha za Kibantu za pwani ya Kenya. Aliuliza swali ambalo orodha peke yake haijibu: ni mabadiliko gani ambayo lugha hizi zimeyafanya kwa pamoja, baada ya kuachana na nyingine?

Mfano wa sauti unatosha kuonyesha njia hiyo. Palipo na macho katika Kiunguja, Kimvita kina mato na Kigiriama kina matso. Palipo na njia, Kimvita husema ndia na Kigiriama njira. Moto wa Kiswahili ni moho katika Kigiriama. Kwa mwenye kuhesabu kwa haraka, tofauti hizi ni alama za kutofanana. Kwa mwenye kusikiliza ni kinyume: zinatokea kwa utaratibu, neno baada ya neno, na utaratibu huo ndio unaoonyesha kwamba zilitoka katika sauti moja ya kale. Kutokana na ushahidi wa namna hii Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro ziliwekwa katika kundi moja lililopewa jina la mto Sabaki. Kazi hiyo ilikamilishwa katika kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha mwaka 1993, ambacho kinatumia asilimia za msamiati, sauti na sarufi kwa pamoja. G na E zilizotenganisha Jomvu na Rabai zimebaki kuwa anwani tu.

Lakini ujirani uliowaunganisha watu wa Miritini una hila yake kwa mwenye kuhesabu. Lugha zinazokaa pamoja huazimana maneno, na maneno yaliyoazimwa kutoka kwa ndugu wa karibu hayatambulikani kwa urahisi kama sita na saba. Kama katika mfano uliotangulia maneno matano tu yaliazimwa bila kutambuliwa, asilimia 70 ya kweli itasomwa 75, na miaka 1,180 itapungua kuwa 950 hivi. Maneno matano yameufuta muda wa zaidi ya karne mbili. Hinnebusch mwenyewe alilirudia suala hili katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu mwingiliano wa lugha na takwimu za msamiati wa Kibantu, akionyesha jinsi ujirani unavyozipotosha asilimia. Inafaa kuzingatiwa kwamba kosa hili halipungui kwa kuongeza idadi ya maneno. Kosa la sampuli ndogo huponywa na sampuli kubwa. Kosa la kupima kitu kisicho chenyewe hubaki pale pale, na kwa kuongezwa data huzidi kuonekana kama ukweli.

6. KUTOKA MANENO HADI WATU

Katika miaka ya 1960 hesabu ilihama kutoka orodha za maneno kwenda kwa wasemaji. Kitabu cha William Labov cha mwaka 1966 kuhusu Kiingereza cha jiji la New York kilionyesha kwamba tofauti za matamshi, zilizokuwa zikidharauliwa kama ovyoovyo, zina utaratibu unaoonekana zikihesabiwa kwa tabaka, umri na hali ya mazungumzo. Wakati huo huo, kwa msaada wa Ford Foundation, ulifanywa uchunguzi wa matumizi na mafunzo ya lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Kenya, kilichohaririwa na Wilfred Whiteley, kilitoka mwaka 1974, baada ya kifo chake cha mwaka 1972. Humo mna majedwali ya nani husema lugha gani, na nani, wapi. Na mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi wa Joan Russell kuhusu jamii ya Waswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, ambao uliipeleka isimujamii katika vichochoro vya Kimvita.

Kutoka Mji wa Kale hadi Miritini si mbali, lakini kwa mtakwimu ni safari ndefu. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa uzamili anataka kujua kama vijana wa Miritini husema mato au macho. Anazungumza na vijana 20, na kwa kila mmoja ananasa mifano 50. Ana mifano 1,000, naye ataingiza idadi hiyo katika kipimo cha kai-mraba alichokibuni Karl Pearson mwaka 1900, na kipimo kitampa jibu la kumfurahisha. Lakini hana mashahidi 1,000. Ana mashahidi 20, na kila mmoja amerudia ushahidi wake mara 50. Tena kama vijana hao walitoka katika nyumba nne, walilelewa na mama wanne na kucheza pamoja, basi mashahidi walio huru wanakaribia wanne kuliko 20. Kipimo cha Pearson kinadai kwamba kila mfano usimame peke yake; asiyejua sharti hilo ataona tofauti isiyokuwapo.

Maswali mengine yanafuata. Miritini ni ipi? Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ni wadi katika eneo bunge la Jomvu. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Changamwe, na jedwali la mwaka mmoja halilingani na la mwaka mwingine. Mwenyeji ni nani? Sensa ya Kenya kwa kawaida huuliza kabila, na kabila si lugha: mtoto aliyezaliwa hapo na wazazi Wakamba au Waluo aweza kuwa hana lugha nyingine anayoimudu kuliko Kiswahili, na katika jedwali hataonekana miongoni mwa Waswahili. Na mwenye kuuliza ni nani? Kijana aulizwapo na msomi mwenye daftari hujibu kwa Kiswahili cha shule. Akiisha kuondoka, mato hurudi kinywani. Hakuna kanuni ya hesabu itakayomwokoa mtafiti asiyeyajua hayo, na hakuna ujuzi wa mila utakaomwokoa asiyejua kwamba mifano 1,000 yaweza kuwa mashahidi wanne.

7. MAFUNZO YA TAKWIMU KATIKA SHAHADA ZA JUU

Mafunzo ya takwimu katika Afrika Mashariki yalianza nje ya idara za lugha. Kituo cha mafunzo ya takwimu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961, na Makerere ilipata taasisi yake ya takwimu na uchumi mwaka 1969. Lengo lilikuwa kuwapatia serikali watu wa kuhesabu mazao, biashara na wakazi. Mifano iliyofundishiwa ilikuwa ya mbolea na bei, na mwanafunzi wa lugha aliyeingia katika madarasa hayo alitoka na kanuni ambazo hakuona mahali pa kuzitumia. Kwa upande wa pili, idara za lugha zilikuwa zimerithi sarufi na fasihi, na wengi walizitazama idadi kama mambo ya watu wengine.

Kompyuta imeivunja sehemu moja ya ukuta huo na kuimarisha nyingine. Programu ya SPSS ilianza mwaka 1968, na R, ambayo haiuzwi, katika miaka ya 1990. Kazi iliyohitaji siku nyingi na mashine ya kukokotoa leo hufanywa katika nukta chache. Arvi Hurskainen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki wameandaa hazina ya matini ya Kiswahili ambayo toleo lake la mwaka 2004 lina maneno zaidi ya milioni 12, pamoja na programu ya kuchanganua maumbo yake. Lakini upesi huo una gharama. Zamani aliyekokotoa kwa mkono alilazimika kuzijua hatua. Leo mwanafunzi aweza kupata jibu la hatua asizozijua. Aidha, hazina kubwa kiasi gani ya magazeti na vitabu haimwambii mtu chochote kuhusu Kijomvu, ambacho karibu hakiandikwi kabisa.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mpango wa mafunzo unaofaa unajitokeza wenyewe. Mwanafunzi aanze na kizio: ni nini kinachohesabiwa, neno katika orodha, neno katika mazungumzo, au msemaji? Afuate chanzo: nani alisema, wapi, mbele ya nani? Kisha ajifunze kosa, na atenganishe lile linalopungua kwa kuongeza data na lile lisilopungua. Hapo ndipo aingie katika wastani, mtawanyiko, uwiano na vipimo vya dhana, na mifano iwe ya lugha anazozijua. Orodha ya Krapf, kanda za Guthrie na asilimia za Sabaki zinatosha kumfundishia karibu kila kosa lililo mashuhuri katika elimu hii, na kila tunu yake.

Suala la lugha ya kufundishia nalo halikwepeki. Istilahi nyingi zimekwisha kupatikana: sampuli, wastani, asilimia, uwiano, uwezekano. Palipobaki pengo, maelezo ya wazi hufaa kuliko jina lililotungwa kwa pupa. Na faida haiishii kwa mwanafunzi. Mzee wa Jomvu au wa Rabai aliyetoa maneno yake ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba asilimia 70 iliyoandikwa kuhusu lugha yake imepatikanaje na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Mtafiti asiyeweza kuyaeleza hayo kwa Kiswahili yamkini hakuyaelewa kwa Kiingereza pia.

8. HITIMISHO

Kwa muda wa zaidi ya miaka 170 lugha za Miritini na majirani zake zimewekwa katika nafasi moja, zikatengwa kwa herufi mbili, zikapewa asilimia, kisha zikarudishwa katika ukoo mmoja. Hakuna hatua kati ya hizo iliyofanywa na mtu asiyejua kuhesabu. Makosa yalitokea pale ambapo idadi ilipewa kujibu swali isiloulizwa, na yalisahihishwa na watu waliojua lugha na hesabu kwa pamoja. Sasa vyuo vya shahada za juu vimesogea karibu: Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vyote vilipata hati zao mwaka 2013. Kijomvu, Kirabai na Kiduruma havijapata hesabu ya uangalifu inayovistahili, na wanaovisema kama walivyovisikia kwa babu zao wanapungua. Anayefaa kuifanya kazi hiyo ni mtu atakayesikia mato na matso bila kuambiwa, na akiisha kuzihesabu ajue idadi aliyopata inathibitisha nini na haithibitishi nini.